Kuhalalisha Dawa za Kulevya: Je, Nafsi Yangu ni Mali Yangu Peke Yangu?

Bismillaahir Rahmaanir Rahiim. Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Swahaba zake. Ammaa ba'd.

Ndugu zangu Waislamu, upo mjadala ambao zamani tukiusikia redioni kama habari za nchi za watu. Sasa umeingia majumbani mwetu. Septemba 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba mtu mzima anayevuta bangi faraghani, kwa matumizi yake mwenyewe, hana kosa la jinai, na Mei 2024 Rais Cyril Ramaphosa akatia saini sheria ya kuusimamia uamuzi huo. Oktoba 2018 Canada iliruhusu bangi iuzwe madukani. Kwa jirani zetu wa Kenya, katika uchaguzi wa Agosti 2022, mgombea urais Profesa George Wajackoyah alizunguka nchi akiahidi kuhalalisha bangi ili iuzwe nje na kulipa deni la taifa. Kura zake hazikufika hata asilimia 1, lakini maneno yake yamebaki katika simu za vijana mpaka leo. Na katika Bunge la Dodoma, mwaka 2019, mbunge wa Kahama Mjini, Jumanne Kishimba, alishauri zao hilo liruhusiwe kwa ajili ya dawa na biashara.

Kijana wetu anazisikia habari hizi zote pamoja, kisha anatoa neno moja: "Mwili wangu, pesa yangu, wewe inakuhusu nini?" Makala hii inalijibu neno hilo. Na kwa kuwa wasomaji wetu wengi ni wazazi wa Unguja na Pemba, nitaeleza kwanza jambo nililolikuta mbali kidogo na visiwa, lakini linalotuhusu moja kwa moja.

Tuliyoyakuta Nyakato

Nyakato ni sehemu ya jiji la Mwanza, kando ya Barabara ya Musoma. Ni mahala pa kazi: viwanda, gereji, maduka ya jumla, bodaboda na wachuuzi wa samaki. Barabara hiyo ikiendelea mbele inapita Magu na Bunda, inafika Tarime na mpaka wa Sirari, upande wa pili ni Kenya. Kama walivyo katika miji mingi ya Bara, Wapemba na Waunguja wamo Mwanza wakiendesha maduka, na mwenye duka hualika jamaa zake kutoka kwao wamsaidie kazi.

Katika ziara yangu ya karibuni huko, baada ya sala ya Isha, mwenye duka mmoja aliniomba nikae naye na mtoto wa dada yake. Sitamtaja, na mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyaacha. Kijana huyo aliletwa kutoka Unguja akiwa na miaka ishirini na kitu. Mjomba aliambiwa kwamba mtoto amemaliza skuli, anatafuta riziki. Hakuambiwa kwamba alikuwa anavuta unga kwa muda mrefu, na kwamba alipelekwa Bara ili atengwe na maskani yake. Mjomba akamkabidhi funguo za duka. Kilichofuata mnakijua: mtaji ukaliwa kidogo kidogo, ada ya watoto wa mjomba ikakosekana, deni la mwenye mzigo likafika msikitini.

Kijana alizungumza kwa adabu. Alisema, "Sheikh, mimi sijampiga mtu wala sijamtukana mtu. Ninajidhuru mwenyewe. Kuna nchi za watu wameona hilo, wameruhusu." Mjomba wake hakujibu. Alimtazama tu, kisha akauliza, "Na ada ya wanangu, mwanangu, nayo umejidhuru mwenyewe?"

Swali hilo la mjomba limebeba nusu ya makala hii. Nusu ya pili ni swali ambalo hakuliuliza mbele yangu, na angestahiki kuliuliza: kwa nini dada yangu hakuniambia?

Tuwasikilize kwanza wanaotetea uhuru

Si uadilifu kumjibu mtu kabla ya kuifahamu hoja yake. Wanaotaka dawa za kulevya ziruhusiwe, wenye fikra miongoni mwao, wana hoja tatu za kuzingatiwa.

Ya kwanza ni faragha: serikali haina kazi ndani ya chumba cha mtu. Ya pili ni kwamba jela haitibu. Anaingia kijana aliyekamatwa na msokoto mmoja, anatoka amefundishwa wizi na ameharibikiwa na jina. Ya tatu ni usawa: bia inatengenezwa viwandani, inatangazwa kwenye mabango na inalipiwa kodi, na madhara yake yanaonekana kila Jumamosi usiku. Kwa nini basi bangi iwe jinai?

Hoja ya faragha ina chembe ya haki, na sisi Waislamu tunaijua kabla ya mahakama yoyote. Katika Suratul Hujuraat, aya ya 12, Allah ametukataza kupelelezana. Hakuna ruhusa ya kuruka ukuta wa mtu kwenda kutafuta dhambi yake. Lakini kutompeleleza mtu ni jambo moja, na kumpa leseni ni jambo jingine. Aliyejisitiri tunamwacha na Mola wake na tunamuombea toba. Anayeomba maovu yake yawe na duka, bango na stakabadhi ya kodi, huyo ametoka chumbani mwake na kuja barabarani kwetu. Hata sheria ya Afrika Kusini ya 2024, ambayo vijana wanaitolea ushahidi, haikuruhusu kuuza bangi mitaani wala kuvuta mbele ya watoto. Wanaoieneza habari hiyo huwa hawaisomi hadi mwisho.

Hoja ya pombe nayo inawageukia wenyewe. Pombe ni ushahidi wa yanayotokea kitu kikiruhusiwa: kinapata wawekezaji, kinapata matangazo, kinapata watetezi katika bajeti, na mlango hauwezi tena kufungwa. Mtu mwenye tundu moja kwenye dau hatoboi la pili ili yawe sawa.

Ama hoja ya jela, hiyo ni nzito, na tutairejea.

Hukumu ya sharia

Hukumu ya vilevi haina utata. Suratul Maaida, aya ya 90 na 91, imeharamisha ulevi na imetaja sababu: unatia uadui na chuki baina ya watu, na unazuia kumkumbuka Allah na sala. Tazama mpangilio huo. Uadui baina ya watu umetajwa mwanzo, kisha ibada. Madhara kwa wengine yamo ndani ya sababu ya hukumu yenyewe. Na katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa kila chenye kulevya ni khamri na kila khamri ni haramu. Jina halibadilishi hukumu, likiwa bangi, skanka, unga, au biskuti iliyotiwa bangi ikauzwa kwa watoto wa skuli.

Wapo wanaosema bangi haikutajwa katika Qur'ani. Jambo hili wanazuoni walilimaliza karne nyingi zilizopita. Ibn Taymiyyah aliandika kuharamisha hashishi, na Imam Az-Zarkashi, mwanachuoni wa Kishafii wa karne ya nane Hijria, aliitungia risala maalumu ya kuiharamisha.

Mirungi ni suala lenye maelezo zaidi, na wakaazi wa Ziwa Victoria wanalikuta kila siku. Nchini Kenya ni zao la biashara linalotambuliwa na sheria. Ukivuka Sirari kuja Tanzania, mirungi ile ile ni dawa ya kulevya chini ya sheria ya mwaka 2015. Uganda, Mahakama ya Katiba iliitengua sheria yao Mei 2023 kwa kuwa Bunge liliipitisha bila akidi, na mwanzoni mwa 2024 sheria mpya ikarudisha marufuku. Kijana wa Nyakato anauona mzunguko huu, anasema, "Basi ni siasa tu." Wanazuoni wa Yemen na Hijaz walihitilafiana juu ya mirungi, na Imam Ibn Hajar Al-Haytami aliiandikia risala ya kuwatahadharisha watu. Lakini hata asiyeiita kilevi hawezi kukana mali inayopotea, usingizi unaokatika, sala zinazopita na mke anayesubiri. Na pale ambapo nchi imekataza kwa maslaha ya watu wake, Muislamu hana udhuru wa kuvunja.

Hiari inayojila yenyewe

Neno "hiari" ndilo msingi wa mjadala wote, basi tulipime. Mtu ana hiari akiwa na uwezo wa kutenda na uwezo wa kuacha. Kete ya kwanza huenda ikawa ya hiari. Ya mia moja si ya hiari. Muulize teja yeyote juu ya arosto: mifupa inavunjika, tumbo linakata, pua inachuruzika, usingizi hakuna. Anayekwenda kununua katika hali hiyo anakimbia adhabu, hatumii uhuru. Dawa za kulevya zinakula chombo kile kile ambacho mtetezi wake anadai kukitetea. Ndio maana sharia, inapotaja mambo matano ya kulindwa, imeitaja akili pamoja na dini, nafsi, kizazi na mali. Akili ikiondoka, hakuna wa kuyalinda manne yaliyobaki.

Na mwili wenyewe tumeazimwa. Suratun Nisaa, aya ya 29, inatukataza kujiua. Aliyepewa amana hawezi kudai haki ya kuiharibu.

Kisha lipo hilo la wengine. Mtume (s.a.w.), katika hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, ametupigia mfano wa watu waliogawana nafasi katika chombo cha baharini, baadhi juu na baadhi chini. Wa chini wakipata taabu ya kupanda kuchota maji, wakawaza kutoboa tundu katika sehemu yao wenyewe, wasiwaudhi wa juu. Wakiachwa, wanaangamia wote. Wakishikwa mikono, wanaokoka wote. Zingatieni kwamba wa chini hawakuwa na nia mbaya. Walitaka urahisi, na tena katika sehemu yao. Kosa lao ni kudhani kwamba maji yataheshimu mpaka. Mwanza inakumbuka MV Bukoba, Mei 1996. Nasi tunakumbuka Spice Islander, Septemba 2011. Sisi si watu wa kuelezwa sana kwamba chombo hakizami upande mmoja.

Maneno matatu yasichanganywe

Vurugu nyingi za mjadala huu zinatokana na kuchanganya mambo matatu.

Kwanza, *kuhalalisha*: kitu kinauzwa kihalali, kama Canada. Hili tunalipinga bila kusitasita. Thailand iliitoa bangi katika orodha ya marufuku Juni 2022, maduka yakajaa mijini, na ilipofika Juni 2025 serikali ikarudi nyuma na kudai cheti cha daktari. Miaka mitatu ilitosha.

Pili, *kuondoa kifungo kwa mtumiaji*: kitu kinabaki marufuku, muuzaji anafungwa, lakini aliyekutwa na kiasi kidogo cha kutumia anapelekwa kwenye tiba. Ureno ilifanya hivyo mwaka 2001, na iliunda jopo la wataalamu wa afya, jamii na sheria la kumsikiliza kila aliyekamatwa. Jimbo la Oregon, Marekani, liliondoa adhabu Februari 2021, lakini huduma za tiba zilichelewa kufika, na Septemba 2024 adhabu zikarudishwa. Somo ni kwamba huruma isiyo na tiba ni kumtelekeza mtu kwa jina zuri.

Tatu, *matumizi ya tiba*. Hili halina mgogoro mkubwa. Mofini inayotuliza maumivu ya mgonjwa wa saratani ina asili moja na unga, na inatolewa hospitalini kwa mizani ya daktari. Dharura hupimwa kwa kiasi chake. Lakini cheti cha mgonjwa kisifanywe kichaka cha mfanyabiashara.

Hapa ndipo narejea hoja ya jela. Muuzaji mkubwa hana hoja ya uhuru hata kidogo. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa. Mzigo huo ni vita dhidi ya watoto wa watu, na sheria kumfikisha mwenye mzigo kifungo cha maisha ni sawa. Ama kijana mwenye kete mbili mfukoni na arosto mwilini ni mgonjwa aliyefanya dhambi. Anahitaji mkono wa kumzuia na mkono wa kumtibu. Kumchanganya na tajiri wake ni dhulma, na mara nyingi huyo mdogo ndiye anayefungwa na mkubwa akabaki nje.

Zamu yetu sisi

Sasa tujisemeshe wenyewe, maana ni rahisi kuwahutubia wa Canada. Tunasema kwa haki kwamba mtumiaji ana jukumu kwa wengine. Je, wengine wana jukumu kwake?

Katika Bukhari kuna habari ya mtu aliyeletwa kwa Mtume (s.a.w.) mara kwa mara kwa ulevi, akaadhibiwa. Mtu mmoja akamlaani. Mtume (s.a.w.) akakataza asilaaniwe, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Allah na Mtume Wake. Na katika riwaya nyingine akawakataza Swahaba wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao. Adhabu ilikuwapo, na mlango ulibaki wazi. Katika mitaa yetu mara nyingi tunafanya kinyume: hatumzuii mapema, kisha tunamlaani akishaharibika. Teja akiingia msikitini, watu wanashika viatu vyao. Ni haki yao kushika viatu, lakini nani amemsalimia?

Na aibu ina gharama. Zanzibar kiwango cha maambukizi ya VVU kwa watu wote kiko chini ya asilimia 1, lakini miongoni mwa wanaojichoma sindano kimekutwa kuwa juu mara nyingi zaidi. Watu hao wana wake, au watakuwa nao. Kinachofichwa chumbani kwa kijana kinamfikia binti wa watu siku ya harusi.

Tiba ipo. Huduma ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikafika Unguja katika Hospitali ya Kidongo Chekundu, na Mwanza iko Hospitali ya Sekou Toure. Zipo pia nyumba za upataji nafuu, ambazo watu huziita soba hausi.

Tunaulizwa sana: je, methadoni si ulevi juu ya ulevi? Jawabu: ni dawa inayonywewa mbele ya mhudumu, kwa kipimo, ili kuondoa arosto na kumrudisha mtu katika kazi na sala zake. Makusudio ni kutibu, na madhara makubwa yanaondolewa kwa lililo hafifu zaidi. Kwa msingi huo inajuzu kwa mwenye kuihitaji chini ya uangalizi wa daktari. Iran, nchi ya Kiislamu, inaitumia kwa wingi, na Kuala Lumpur Msikiti wa Ar-Rahman ulifungua milango yake kwa huduma hiyo kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Malaya. Aliye katika tiba hiyo na akili yake timamu, sala yake ni sahihi, na asizuiwe kusimama safu ya mbele. Katika Ramadhani, kwa kuwa kipimo ni kimoja kwa siku, azungumze na kliniki mapema ili akinywe usiku. Ikishindikana na daktari akathibitisha madhara, huyo ni mgonjwa, na hukumu yake ni ya mgonjwa, kama ilivyo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185.

Kwa familia za visiwani

Nawausia mambo manne.

La kwanza, msimsafirishe mgonjwa kwa jina la mtafuta riziki. Unga upo Nyakato kama ulivyo Unguja, na bangi ya Tarime inapita barabara ile ile ya Musoma. Kubadilisha mji bila tiba ni kubadilisha muuzaji. Na kumficha jamaa anayempokea ni udanganyifu. Kama muuzaji wa chakula hana ruhusa ya kuficha kilicholowa chini ya kilicho kavu, vipi tufiche ugonjwa wa mtu anayekabidhiwa funguo za riziki ya wengine? Mwambieni mwenyeji ukweli wote, aamue. Mkiwa mmeshamficha, mali iliyopotea ni deni, na wazazi wawe wa mwanzo kusaidia kulilipa.

La pili, msifiche pia kwa mposwaji. Anayeulizwa juu ya kijana aliyekwenda kuposa, aseme kweli kwa kiasi cha haja, kwani huo ni ushauri, na wanazuoni wameutoa katika hukumu ya kusengenya.

La tatu, msimpe pesa mkononi kwa kuogopa kelele zake. Mpeni chakula, nguo, nauli ya kliniki, na mtu wa kumsindikiza. Mama anayetoa shilingi elfu mbili kila asubuhi ili nyumba itulie, amemnunulia utulivu wa mchana mmoja.

La nne, akirudi, apokelewe. Msikiti umpe kazi ndogo, hata ya kufagia au kuteka maji. Anayeaminiwa kidogo hujifunza kuaminika.

Hoja ya uhuru haitazimwa na mawaidha peke yake. Kijana anayeiona jamii yake ikimlaani akianguka na ikimficha akiugua, ana haki ya kutuuliza jukumu kwa wengine tunalomhubiria liko wapi. Tulitekeleze kwanza sisi, kisha tumwambie, tena kwa sauti ya baba kwa mwanawe, kwamba hana ruhusa ya kutoboa chombo alichopandia na sisi.

Tunamuomba Allah awaponye walioathirika, awape subira wazazi wao, avunje biashara ya wanaowauzia, na azilinde akili za watoto wetu wa visiwani na wa Bara. Aamiin.

Wallaahu a'lam.